Kwa Nini Betri ya Motokaa Hufa Ikiwekwa Bila Kazi

Mtu akitoka Morogoro kwenda Iringa hupita Ruaha Mbuyuni, bonde lenye joto na mibuyu mingi, kisha hupanda mlima wa Kitonga kwa kona nyingi, na akisha kufika juu hukuta hewa nyingine kabisa. Mbele yake ndipo Ilula, mji mdogo katika nchi ya Wahehe, wenye sifa ya nyanya na vitunguu. Akizidi kwenda kuelekea Iringa hufika Lugalo, mahali ambapo watu wa Mkwawa waliwashinda askari wa Kijerumani tarehe 17 Agosti 1891. Njia hiyo ya vita na misafara ya kale leo ni njia ya malori, na riziki ya wakulima wa Ilula imefungwa katika malori hayo, kwani nyanya haingoji mtu. Mahindi yaweza kukaa ghalani mwaka mzima. Nyanya iliyoiva ikikosa gari siku chache ni ya kutupwa.

Kwa hiyo jambo ninalotaka kulieleza leo si dogo kwa mtu wa huko. Aghalabu lori au motokaa huwekwa miezi mingi bila kazi: mwenyewe hana fedha ya kununua mipira, au mavuno yamekwisha, au ameugua, au amesafiri. Alipoliweka lilikuwa zima. Siku anapolihitaji, matenga ya nyanya yamekwisha kujazwa, anageuza ufunguo na kusikia mlio mdogo, kisha kimya. Hapana mtu aliyeligusa. Basi husema muuzaji alimdanganya, au kijana wa jirani aliingia usiku akatumia taa. Mara nyingi masingizio hayo ni bure. Betri imekufa kwa kukaa.

Ajabu yake ni hii, kwamba vyombo vingi huchakaa kwa kutumiwa. Jembe huliwa na udongo, kiatu huliwa na njia. Lakini betri huharibika upesi zaidi kwa kupumzishwa kuliko kwa kufanyishwa kazi. Ili tuijue sababu yatupasa kurudi nyuma mpaka siku ilipobuniwa, kwani ugonjwa huu ulizaliwa pamoja nayo.

Mwaka 1800 Alessandro Volta, mtu wa Italia, alitangaza kwamba amepata umeme usiokatika upesi. Alipanga vipande vya madini mawili mbalimbali, kimoja juu ya kingine, na katikati akatia vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Umeme ulitoka, lakini madini yakiisha kuliwa, kazi imekwisha, wala hapana njia ya kuirudisha. Ndivyo zilivyo hata leo betri kavu za tochi. Betri ya motokaa ni ya ukoo mwingine. Ilibuniwa mwaka 1859 na Mfaransa aitwaye Gaston Planté. Yeye alichukua mabamba mawili membamba ya risasi, akayatenga kwa kitambaa yasigusane, akayakunja pamoja kama mkeka, akayatumbukiza katika maji yenye tindikali ya salfa. Kisha akapitisha umeme ndani yake. Alipoukata, aliona kwamba chombo kile chaweza kuurudisha umeme uleule aliokipa, na ukiisha, chaweza kupewa tena. Mwaka uliofuata alikionyesha mbele ya wataalamu wa Paris.

Tazameni linalotokea ndani. Umeme unapoingia, bamba moja huota utando wa rangi ya kahawia, ambao ni risasi iliyoshikana na oksijeni, na bamba la pili huwa risasi tupu, laini, ya kijivujivu. Betri inapotoa umeme, mabamba yote mawili hugeuka polepole kuwa kitu kimoja, yaani chumvi nyeupe ya risasi na salfa. Nayo tindikali hupungua nguvu ikakaribia kuwa maji matupu. Wataalamu wawili wa Uingereza, Gladstone na Tribe, ndio waliolithibitisha jambo hili mwaka 1882. Betri ikitiwa umeme tena, chumvi ile huyeyuka, na kila kitu hurudi mahali pake. Basi kila betri inayotumika huzunguka daima kati ya hali mbili hizo, na chumvi nyeupe si adui, ni sehemu ya kazi yake.

Sasa sikilizeni habari ya kupumzika. Betri ya Planté ilikuwa na utando mwembamba sana, na ili kuuongeza alipaswa kuitia umeme, kuutoa, kugeuza upande, kisha kuiacha ikae; na kazi hiyo ilichukua miezi. Kukaa huko kulikuwa dawa. Kwa nini? Kwa sababu utando wa kahawia umelala juu ya bamba la risasi, na kati yao imo tindikali. Vitu viwili mbalimbali na tindikali katikati: hiyo tayari ni betri ndogo, ijapokuwa hapana waya uliofungwa nje. Basi betri kubwa ikilala, ndani yake betri ndogo zisizohesabika zinafanya kazi mchana na usiku, zikila risasi na kuzaa chumvi nyeupe. Planté aliporudi na kuitia umeme, chumvi ile mpya iligeuka kuwa utando mpya, na betri ikawa na nguvu kuliko jana.

Kitendo kilekile kilichoilea betri ya Planté ndicho kinachoiua betri ya Ilula. Tofauti ni kwamba Planté alirudi kwa wakati.

Mtu ataniuliza: asiporudi kwa wakati kunatokea nini? Fikirini chumvi ya kupikia. Ikiwa mpya ni unga, na ukiitia katika maji huyeyuka mara moja. Ikipata unyevu ikakauka, ikapata tena ikakauka, chembe zake hushikana, na baada ya miezi unakuta jiwe la kuvunjwa kwa mchi. Chumvi ya risasi hufanya vivyo hivyo. Chembe ndogo huyeyuka kidogo katika tindikali, na kile kilichoyeyuka huenda kuganda juu ya chembe kubwa. Kubwa huzidi kuwa kubwa, na ndogo hutoweka. Chumvi changa hukubali umeme upesi. Chumvi iliyokomaa huukataa, wala haipitishi umeme, hata bamba hufunikwa kama sufuria iliyoganda ukoko. Hapo betri ikipelekwa kwa fundi, hupata moto haraka, huchemka, na hurudishwa nyumbani ikiwa na nguvu ya nusu siku.

Wala kulala huku si kwa mwendo mmoja kwa betri zote. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, aliacha kungoja miezi ya Planté. Alipaka mabamba uji mzito wa oksidi ya risasi, na betri ikawa tayari upesi. Mwaka huohuo sanduku la betri zake lilichukuliwa kutoka Paris mpaka Glasgow kwa Sir William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, safari ya saa 72, likafika lingali na umeme. Magazeti yalistaajabu kama kwamba radi imesafirishwa katika kasha. Lakini risasi ni laini, na uji ule haukushika vema. Ndipo ukatengenezwa wavu wa risasi iliyochanganywa na madini yaitwayo antimoni ili iwe ngumu. Ugumu ulipatikana, lakini kwa gharama. Antimoni hutoka katika bamba moja ikaenda kukaa juu ya lingine, na hapo huzidisha zile betri ndogo nilizozitaja. Betri ya namna hiyo, ikikaa mahali pa joto, yaweza kupoteza karibu sehemu moja katika mia ya nguvu zake kila siku. Hesabuni wenyewe miezi mitatu.

Mwaka 1935 wataalamu wawili wa maabara ya Bell huko Marekani, Haring na Thomas, walionyesha kwamba kalisi, madini yaliyomo katika chokaa, yaweza kutiwa mahali pa antimoni. Wao walikuwa wakitafuta betri za simu, ambazo hungoja muda mrefu kuliko zinavyofanya kazi. Motokaa hazikuipata faida hiyo kwa wingi mpaka miaka ya 1970. Betri ya kalisi iliyo nzima hupoteza sehemu tatu au tano tu katika mia kwa mwezi mzima. Lakini nasema wazi kwamba zisisifiwe kupita kiasi: ikiachwa mpaka ikaisha kabisa, ya kalisi ni ngumu kuponya kuliko ile ya kale.

Joto nalo lina amri kubwa. Joto likizidi kwa digrii 10 za Selsiasi, kujila kwa betri huzidi karibu mara mbili. Chukueni betri mbili zilizotoka kiwandani siku moja, moja mkaiacha Ruaha Mbuyuni chini ya bati, ya pili Ilula katika chumba cha udongo chenye kivuli. Ile ya Mbuyuni itatangulia kufa. Watu wa nyanda za juu husema kwamba baridi ya Juni na Julai huua betri, kwa sababu asubuhi gari halitaki kuwaka. Ni kweli kwamba baridi huipunguza nguvu ya kusukuma injini, na mafuta ya injini nayo huwa mazito. Lakini kwa betri iliyolala baridi ni mlinzi. Inayokufa mwezi wa Julai, mara nyingi iliugua tangu Novemba.

Huenda mzee mmoja akasema kwamba zamani hapakuwa na shida hii. Asemayo ni kweli, na sababu yake ni ya historia. Motokaa ya Ford ya namna ya T, iliyotengenezwa tangu 1908 mpaka 1927 na kuenea duniani pote, ilikuwa na sumaku katika injini yake iliyozaa cheche bila betri. Gari kama hilo likikaa mwaka, dereva alitia hendeli mbele, akazungusha kwa mkono, likawaka. Hendeli ilivunja mikono ya watu wengi. Mwaka 1912 kiwanda cha Cadillac huko Marekani kilianza kuuza motokaa zenye mota ya umeme ya kuwashia, iliyobuniwa na Charles Kettering, na tangu siku hiyo betri, iliyokuwa mtumishi wa taa, ikawa mwenye ufunguo wa gari zima. Hata hivyo, kwa miaka mingi malori yaliendelea kubeba hendeli chini ya kiti, na betri mbovu haikuwa msiba. Kisha zikaja injini kubwa za dizeli, ambazo hubana hewa kwa nguvu isiyoshindika kwa mkono wa mtu. Baada ya Novemba 1965, wazungu wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao na njia ya kusini ikawa mashakani, malori yalipita Iringa na Mbeya usiku na mchana yakipeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba. Njia ilikuwa ya vumbi na matope, na madereva waliifananisha na jehanamu. Iliwekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa malori hayo betri iliyokufa ilikuwa ni kungoja lori jingine lije kuvuta.

Mambo ya dunia yamekwisha kuyalaza magari zaidi ya mara moja. Wakati wa vita ya 1939 mpaka 1945 petroli na mipira vilipimwa kila mahali. Huko Uingereza, Julai 1942, mgao wa petroli kwa motokaa za matembezi ulikomeshwa kabisa, na magari mengi yakapandishwa juu ya magogo. Watu walifunika bodi, wakapaka mafuta vyuma, wakatia mipira kivulini. Waliosahau betri walikuta amani imekuja na betri haipo. Tanzania nayo, baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta, vipuri vilikuwa haba kwa miaka, na magari yaliyokaa juu ya mawe yalionekana mijini na vijijini.

Magari ya siku hizi yana jambo jingine ambalo mababa hawakulijua. Ufunguo ukiisha kutolewa, bado saa, king'ora cha wezi na kumbukumbu za mitambo hunywa umeme kidogo kidogo. Tuseme ni milliampea 50, yaani sehemu 50 katika elfu za ampea moja. Mchana na usiku hiyo ni ampea-saa 1.2. Betri ya ampea-saa 60 itakuwa tupu siku ya hamsini, hata kama yenyewe haikujila. Vumbi lenye unyevu wa tindikali juu ya kifuniko nalo hufanya njia nyembamba kati ya vichwa viwili vya betri, na umeme hupita hapo. Betri za kufunguliwa hupoteza pia maji kwa kukauka, na bamba likitokeza nje ya maji, sehemu hiyo hukauka na kuharibika.

Lakini lipo neno moja ambalo watu hulisema tangu Marekani mpaka kwetu, nalo limepitwa na wakati: ya kwamba betri ikiwekwa juu ya sakafu ya saruji, saruji hunywa umeme. Zamani seli zilikuwa za kioo katika kasha la mti lililopakwa lami. Kasha likilowa unyevu wa chini liliweza kufungua njia ya umeme. Makasha ya leo ni ya plastiki. Wekeni juu ya ubao mkipenda, si vibaya, ila msidhani mmekwisha kuilinda.

Ulinzi wenyewe ni mwepesi. Kabla ya kuweka gari, betri itiwe umeme mpaka ijae. Waya wa hasi ufunguliwe, au betri itolewe kabisa na kuwekwa mahali pa kivuli, pakavu, pasipo moto, kwa kuwa hewa itokayo ndani yake wakati wa kuchaji hulipuka. Kifuniko kipanguswe kwa kitambaa chenye maji na magadi kidogo, bila kuingiza magadi ndani. Ikiwa ni ya kufunguliwa, iongezwe maji yaliyosafishwa tu. Anayeongeza tindikali ili kuipa nguvu anaipa sumu. Kisha ya namna ya kale ichajiwe kila mwezi, na ya kalisi kila miezi miwili au mitatu. Mwenye kipimo cha volti ana raha: betri ya volti 12 iliyojaa, ikiisha kutulia, huonyesha 12.6 hivi, ikishuka kufika 12.4 ichajiwe bila kungoja. Kuwasha injini dakika tano na kuzima, kama wengi wafanyavyo kila Jumapili, ni hasara zaidi kuliko faida, kwani mota ya kuwashia hula kingi na dakika tano hazirudishi. Kibamba kidogo cha jua juu ya paa, chenye kizuizi chake, hufanya kazi hiyo vema katika nchi ya jua kama yetu.

Na ile iliyokwisha kulala? Kama ni miezi michache, fundi mwenye subira aweza kuichaji polepole kwa umeme mdogo, siku moja au mbili, akigusa asisikie joto. Nyingine huamka. Ikiwa seli moja katika sita imebaki chini hali zenzake zimepanda, hiyo haiponi, na kila fedha itakayotumika juu yake ni ya kutupa.

Hapo ndipo pana hatari ambayo naona haisemwi vya kutosha. Betri iliyokufa ina risasi ya kilo nyingi, nayo ina bei. Kuna watu huipasua kwa shoka uani, humwaga maji yake katika mfereji, na kuyeyusha risasi juu ya moto wa mkaa mahali watoto wanapocheza. Moshi na vumbi la risasi huingia mwilini wala havitoki upesi. Mtoto huumwa tumbo, hukosa damu, na akili yake hudumaa, na kudumaa huko hakuna dawa ya kukurudisha nyuma. Huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kilikuwapo tangu mwaka 2007 kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, alipata habari kwamba mtoto wake wa kunyonya ana risasi katika damu. Alisimama na majirani zake mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya; rufani ikakatwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikairudisha hukumu ya kwanza.

Basi mwenye betri iliyokufa pale Ilula aiuze nzima, kasha lake halijapasuliwa na maji yake yangali ndani, kwa mtu anayezikusanya kwa ajili ya kiwanda chenye kibali. Mpaka siku hiyo iwekwe ikiwa imesimama wima, mbali na kisima na mbali na jiko.